Swali Unalotoka Nalo Nyumbani: Kuomba Nafasi ya Kusoma Afya ya Jamii

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya waalimu na wanafunzi wa sasa



Nimeombwa na halmashauri ya chama chetu nizungumze juu ya jambo moja tu: namna ya kuomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya Afya ya Jamii. Sababu niliyopewa ni kwamba kila mwaka ndugu zetu kadhaa, matabibu, wauguzi, mabwana afya na hata waalimu, huuliza maswali yale yale. Je, mimi nisiye daktari nitapokelewa? Katika barua ya maombi niandike nini? Fedha nitatoa wapi? Nitajibu kadiri niwezavyo, na mifano yangu nitaitoa hapa hapa Mbulu na Hanang.

Kwanza tuelewane juu ya maana ya masomo yenyewe. Daktari humtibu mgonjwa aliyekaa mbele yake. Mtu wa afya ya jamii huuliza kwa nini wagonjwa wa namna ile wanatoka kijiji kile na si kile cha ng'ambo, kisha hutafuta njia ya kuzuia wengine wasije. Wazee mliopo hapa mnakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Ilikuwa kazi ya majembe na mazungumzo, bila sindano wala vidonge, na iliwakinga watu. Hiyo ndiyo afya ya jamii.

Sasa nije kwenye wilaya yetu. Mimi nilianza kazi nikiwa bwana afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyama, vyoo na visima. Siku moja mama mmoja alinisimamisha njiani. Mwanawe alikuwa na kifafa, na alikuwa ameanguka motoni akaungua mkono. Majirani walisema mtoto amerogwa. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba kifafa kingine huletwa na tegu wa nguruwe. Mama yule akaniuliza, "Bwana afya, sisi nyumbani kwetu hatuli nguruwe hata siku moja. Huyo mdudu amemwingiaje mwanangu?"

Jibu la kitabuni nililijua, nikampa. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vivimbe vya tegu, na nyama hiyo haikuiva vizuri, hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka pamoja na kinyesi chake. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, naye hupata vivimbe nyamani. Lakini mayai yale yale yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mikono michafu au maji machafu, yanaweza kumletea vivimbe hadi kwenye ubongo, na hapo kifafa huanza. Kwa hiyo mtoto asiyekula nguruwe anaweza kuugua kwa sababu ya jirani asiye na choo.

Mama aliridhika. Mimi ndiye niliyebaki na maswali. Katika kata ile kulikuwa na watoto wangapi kama yule? Na mwenye fedha kidogo aanzie wapi: kwenye choo, kwenye banda la nguruwe, au kwenye maji ya kunawa? Maswali hayo hayajibiwi kwa huruma peke yake. Yanahitaji mtu aliyefundishwa kuhesabu, kulinganisha na kupima matokeo. Ndiyo maana niliomba kusoma.

Nilipoanza kusoma machapisho niliona kwamba wenzetu walikwisha kulima sehemu ya shamba hilo, tena hapa hapa Mbulu. Mwaka 2004, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walichapisha uchunguzi wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hii. Walikagua ndimi za nguruwe hao, wakakuta asilimia 17.4 wana vivimbe. Mwaka 2008 wakachapisha jaribio walilofanya katika vijiji 42 vya wilaya hii, ambapo baadhi ya wafugaji walipewa elimu ya afya na wengine wakasubiri. Maambukizo mapya kwa nguruwe yalipungua kwa kiasi cha asilimia 43. Lakini ujuzi wa watu uliongezeka kuliko matendo yao: mtu alijua vizuri kwamba nguruwe afungwe, na bado nguruwe wake alizurura. Nako Haydom, katika hospitali ile iliyofunguliwa mwaka 1955, Daktari Andrea Winkler na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa kwa picha za ubongo, wakakuta zaidi ya mmoja katika kila kumi wana dalili za vivimbe hivyo.

Nawaambieni haya kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kuwajibu wale wanaouliza kama lazima uwe daktari. Kazi hiyo ya nguruwe ilitoka chuo cha kilimo na mifugo. Bwana afya, muuguzi, mtu wa mifugo, mtu wa lishe, wote wana nafasi, maadam wawe na shahada ya kwanza inayokubalika. Yule mwenye stashahada peke yake itampasa apite kwanza kwenye shahada ya kwanza.

Sababu ya pili ndiyo hasa niliyojia hapa. Wanaopokea maombi husoma barua nyingi zinazosema, "Napenda kuwasaidia watu wangu." Maneno hayo ni mema, lakini kila mtu anayaandika. Hayaonyeshi kwamba mwandishi amewahi kukaa na tatizo akalitazama kwa makini. Barua inayosimama ni ile yenye swali: hili ndilo nililoliona, mahali fulani, kwa muda fulani, haya ndiyo yanayojulikana juu yake, hili ndilo lisilojulikana, na masomo yenu yatanipa chombo hiki ninachokikosa. Mtu wa Mbulu na Hanang hana haja ya kuazima swali. Maji ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na tunawaona watoto wenye meno ya rangi ya kahawia, hali Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Nani atafuatilia afya ya walionusurika, maji yao na usingizi wao, baada ya magari ya msaada kuondoka? Hayo ni maswali, ndugu zangu, na wenyewe ni sisi.

Basi nieleze hatua zenyewe kwa ufupi.

Kwanza, vyeti. Vyuo vyetu hapa nchini kwa kawaida hutaka wastani usiopungua 2.7 katika shahada ya kwanza ya madaraja, au wastani wa B kwa shahada zisizo na madaraja kama ya udaktari. Chukua nakala ya matokeo yako ya masomo yote mapema, na hakikisha jina lako ni lile lile katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo. Herufi moja iliyopotea inaweza kukupotezea mwaka. Aliyesoma nje ya nchi apeleke cheti chake Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe.

Pili, kuchagua chuo. Pale Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963 na kukawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007, kuna masomo haya kwa wanaosoma kutwa na pia kwa watumishi walio kazini. Yapo vile vile KCMC mjini Moshi, na Makerere kule Kampala. Mbali zaidi kuna shule ya London iliyoanzishwa mwaka 1899, na taasisi ya Antwerp nchini Ubelgiji. Usichague kwa sifa ya jina tu. Soma orodha ya masomo na kazi za waalimu, uone kama swali lako lina mwenyeji pale.

Tatu, wadhamini wa kitaaluma. Hutakiwa wawili au watatu. Mmoja awe mwalimu aliyekufundisha chuoni, mwingine awe mkuu wako wa kazi. Usimpe mtu siku tatu. Mpe miezi miwili, na umpelekee barua yako ya maombi, maelezo ya kazi zako, na tarehe ya mwisho. Bwana mkubwa asiyekujua ataandika mistari minne ya heshima, na haitakusaidia. Muuguzi mkuu aliyekuona ukipanga chanjo ya kata nzima ataandika ukurasa mzima wa kweli.

Nne, ruhusa na fedha. Mtumishi wa umma aombe mapema kuingizwa katika mpango wa mafunzo wa mwajiri wake, na ruhusa aipate kwa maandishi. Barua yangu mimi ilikaa miezi minne katika jalada la ofisi moja, na nafasi ya mwaka ule ikapita. Mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe na nakala tatu, nikagongewa mhuri wa mapokezi kwenye kila nakala. Kuhusu misaada ya masomo, ule wa Chevening wa Uingereza hutaka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Upo pia wa Jumuiya ya Madola kwa wale ambao wasingeweza kujilipia. Maombi ya Chevening mara nyingi hufunguliwa mwezi Agosti. Siku hizi karibu yote hutumwa kwa intaneti, na mtandao wa kwetu mnaujua. Atakayengoja usiku wa mwisho atakutwa na mvua na mnara uliozimika.

Nirudi kwenu vijana. Najua wapo wanaosema moyoni kwamba mambo haya ni ya watu wakubwa. La hasha. Anayeomba akiwa na miaka thelathini alianza akiwa hapa. Msikimbie Hisabati kwa sababu mnapenda Baiolojia, maana afya ya jamii inakula hesabu kila siku. Jifunzeni kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Na jizoezeni kuhesabu mambo ya kwenu. Shule hii ina matundu mangapi ya vyoo, na wanafunzi wangapi kwa kila tundu? Mwezi uliopita wangapi walikosa darasa kwa kuharisha, na walikuwa bweni gani? Andikeni katika daftari, mwende nalo kwa mwalimu wenu wa Baiolojia. Daftari la namna hiyo ni mwanzo wa utafiti.

Kwenu wanafunzi wenzangu wa zamani nina ombi. Tunapokutana tunachangia rangi ya madarasa na mipira, na ni vizuri. Naomba tuongeze jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kila mmoja wetu aliyepita chuo kikuu akubali kusoma barua ya maombi ya kijana mmoja kwa mwaka, na amwambie ukweli juu yake kabla ya wenye chuo kumwambia. Wenye uwezo wasaidie ada ya maombi, kwa kuwa fedha hizo ambazo kwa wengine ni ndogo, kwa mtoto wa mkulima wa Dongobesh ni gunia la mahindi. Katibu ameniruhusu niseme kwamba ataweka orodha ya majina mezani kwake leo. Langu limekwisha kuandikwa.

Jambo la mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nisije nikawachosha. Katika jaribio lile la vijiji 42 tuliona kwamba watu walijua na bado hawakutenda. Kitabu kinachoeleza jambo hilo hakijamaliza kazi yake. Inamtaka mtu anayejua kwa nini baba wa Kiiraqw anamfungua nguruwe wake baada ya mavuno, chakula cha nguruwe kinagharimu kiasi gani, na maneno gani mama wa nyumba atayasikiliza. Mgeni mwema huweza kujifunza hayo kwa miaka mingi. Ninyi mmezaliwa nayo. Kwa hiyo mtu akikuuliza katika usaili kwa nini wewe, usione haya kumjibu kwamba umetoka mahali ambapo swali lipo, lugha yake unaijua, na kazi ikimalizika utarudi kuwasomea majibu wale waliokupa swali.