KITABU CHA JOTO
Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa Kibera na Kawangware



Tumeombwa tuseme juu ya seva. Wengine wenu mwaijua vema, wengine huipita kila siku pasipo kuitambua. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haina siku ya mapumziko: usiku na mchana yazigawia kompyuta nyingine masomo, hesabu na intaneti. Siku hizi zimo katika mitaa yetu yenyewe, katika mashule, vituo vya vijana na maduka ya kompyuta. Na kila ilipo seva yupo mtu alipwaye kidogo kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Mashini ikifa, huyo ndiye aulizwaye.

Mwenzetu mmoja wa Kawangware alikatwa mshahara miezi mitatu kwa seva iliyoungua. Tajiri alisema ni uvivu. Tulipokwenda kuitazama, tuliikuta imesukumwa mpaka ukutani katika chumba cha mabati kisicho na dari, na vumbi limejaa katika feni kama unga. Mwenzetu alikuwa amekwisha sema mara nyingi kwamba chumba ni moto. Lakini alisema kwa mdomo tu. Hapakuwa na karatasi hata moja, na sisi wa chama tulirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo twataka kila mlinzi wa seva awe na kitabu na kipimajoto. Chama cha mafundi wa hewa na baridi cha Marekani, kiitwacho ASHRAE, chashauri hewa iingiayo katika seva iwe baina ya digrii 18 na 27. Angalieni: hewa iingiayo. Kipimajoto kiwekwe mbele, mahali mashini ivutapo pumzi, si nyuma itokapo hewa ya moto. Andika asubuhi, andika saa nane mchana wakati mabati yamepata jua, andika jioni. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo ya kuangalia sana.

Watu husema Nairobi ni mji wa baridi, haina haja. Si kweli kabisa. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Feni yazunguka vilevile lakini yabeba joto kidogo kuliko ingalibeba Mombasa kwa hewa ya joto lile lile. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji huagiza kupunguza digrii kwa kadiri ya kimo cha mahali.

Seva yenyewe hujipima pia. Ndani yake mna vipimo vidogo vya joto, vya mwendo wa feni na vya nguvu ya stima, na fundi aweza kuwaonyesha programu ya kuvisoma. Mashini ikizidi moto hupunguza mwendo wake kwanza kabla ya kuzima. Basi wateja wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole, msiharakishe kuilaumu kampuni ya intaneti. Tazameni joto.

Sasa stima. Seva nyingi kubwa zina pawa saplai mbili, na moja ikifa nyingine hubeba mzigo wote kimya kimya. Taa ndogo tu hubadilika rangi, na nani huitazama? Itazameni kila siku. Tena betri ya akiba: ile ya risasi ikikaa katika joto la digrii 35 badala ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Mara moja kwa mwezi, wakati wateja hawapo, chomoeni waya ukutani, mhesabu kwa saa betri inashika dakika ngapi, mwandike.

Giza haliji kwa sababu ya nyaya za Kibera peke yake. Mnamo Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika stesheni ya Gitaru na nchi nzima ikakosa stima. (Tumbili alipona.) Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 giza liliposhika karibu nchi yote, jenereta moja ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilikataa kuwaka. Kama huko palikuwa hivyo, betri yenu chini ya meza mnaiaminije bila kuijaribu?

Neno la sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Joto la mabati si kusudi la mtu. Na kifungu cha 41 chasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa sharti aelezwe sababu kwa lugha aijuayo, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale kazini. Mjumbe huyo akija na kitabu chenye tarehe, digrii na sahihi ya msimamizi, mazungumzo huwa mengine.

Msimamizi akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa, na saa.

Tawi limenunua vipimajoto kumi na madaftari kumi. Anayetaka amwone karani baada ya mkutano, amwambie anafanya kazi wapi na chumba chake kina dari au hakina.