Abulhauli na Asili Nne

Wako miongoni mwetu, sisi wa Madibira na wa bonde zima la Usangu, wanaoamini kwamba Abulhauli, yule simba mwenye kichwa cha mtu, akichorwa juu ya jalada la kitabu cha nyota au juu ya karata za kupigia ramli, huwa amebeba uchawi wa Mafirauni. Nami, pasi na nia ya kumtetea mpiga ramli yeyote, naona ni insafu tuitazame nasaba ya taswira hiyo kabla ya kuikimbia.

Abulhauli wa Giza, aliyechongwa katika mwamba wa chokaa takriban miaka 4,500 iliyopita, hana mbawa wala kiungo cha fahali. Anayetajwa katika elimu za siri za Ulaya ni mwingine, na aliyemtukuza kuliko wote ni Mfaransa Éliphas Lévi, mtu aliyesomea upadri akauacha, ambaye katika kitabu chake kilichotoka baina ya 1854 na 1856 alimfanya kiumbe wa maumbo manne: mtu, fahali, simba na tai. Nyuso hizo ni zile zile za maono ya nabii Ezekieli, na ndizo walizopewa Mathayo, Luka, Marko na Yohana katika michoro ya makanisa, wala hakuna muumini anayezikimbia huko.

Kisha baadhi ya waliomfuata wakalipa kila umbo asili yake: fahali udongo, simba moto, tai maji, mtu hewa. Hapo mkulima wa mpunga, ambaye maji ndiyo riziki yake, ana haki ya kuuliza: tai wa angani amepewaje maji, na mtu, ambaye katika buruji ndiye Dalu mwenye ndoo, akanyimwa maji akapewa hewa? Jawabu limo katika falaki. Thauri (fahali), Asadi (simba), Akrabu (nge) na Dalu ndizo buruji nne zilizo thabiti; Akrabu ni ya maji, na watu wa Ulaya walimweka tai mahali pa nge, ilhali Dalu, pamoja na ndoo yake, imehesabiwa tangu zamani za Wayunani kuwa ya hewa. Mgawanyo huu wanaujua vilevile wanafalaki wa Pwani, wanaomtafutia mtu nyota kwa hesabu ya jina lake na la mama yake, na ambao kati yao marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, alikuwa mashuhuri kuliko wenzake.

Wanafalaki hao na Lévi walipoachana ni hapa: mteja wa mnajimu huambiwa alichoandikiwa, ilhali mwanafunzi wa Lévi hudaiwa mambo manne, kila moja kwa umbo lake la Abulhauli, nayo ni kujua, kuthubutu, kuazimia na kunyamaza. Wafuasi wake hawakuafikiana ni umbo lipi lishike dai lipi, na mabishano yao yanachosha. Mimi nayaona madai hayo manne kuwa bora kuliko ramli zote, ingawa la nne, kusema kweli, si mtu wa redio wa kulihubiri.