Kurudi Mbioni Baada ya Kuumia

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kaniha, Wilaya ya Biharamulo)



Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala choo. Tunazungumza juu ya miguu. Vijana wametuuliza swali: mkimbiaji wa mbio ndefu akiumia goti, akapumzika, arudi lini? Wako wanaosema arudi mara maumivu yakipungua. Wengine wanasema aliyeumia goti basi, mbio zake zimekwisha. Sisi hatukubaliani na hao wala na hawa.

Tuanze na Mtanzania mwenzetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni katika Michezo ya Olimpiki huko Meksiko. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mji ule uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Njiani, katika kusukumana, Akhwari akaanguka. Goti likaumia vibaya, bega likagonga barabara. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara anakimbia, mara anachechemea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Watu wengi walikwisha kuondoka uwanjani. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Habari hiyo husimuliwa sana. Ya pili haisimuliwi, na kwa swali letu ndiyo kubwa. Mwezi Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskoti, Akhwari alikimbia tena marathoni. Akawa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Wenye madaftari, hebu toeni hesabu: amepunguza zaidi ya saa nzima! Ni kweli, Edinburgh hakuna hewa nyepesi kama Meksiko. Lakini mguu mbovu haukimbii hivyo. Na kati ya siku zile mbili ilipita miezi 21.

Siku ile ya Meksiko alikuwapo pia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 1960 na tena 1964. Alianza mbio na mguu wenye maumivu. Baada ya kilomita 17 hivi akaacha. Je, tumwite mwoga? Hata kidogo. Mguu haujui kwamba mwenyewe ni bingwa.

Haya, turudi Kaniha. Mtu akipumzika wiki sita, pumzi hurudi upesi. Mifupa na kano hurudi polepole. Hapo ndipo vijana wengi wanaponaswa: kifua kinasema twende, goti bado. Anakimbia siku moja kama zamani, kesho yake amevimba.

Na kupumzika mbio siyo kupumzika kama unalima kutwa umeinama, jioni unabeba ndoo mbili za maji. Goti halijui kama huo ni mchezo au ni kazi. Kwa hiyo wenye nyumba, msaidieni mgonjwa kazi hizo. Akina mama hasa, maana mama akiteguka kifundo cha mguu husikii mtu akimwambia apumzike.

Mguu ukiwa umevimba leo hii, usiuchue kwa nguvu wala kuukanda kwa maji ya moto. Weka kitambaa chenye maji baridi, uinue mguu. Kama huwezi kuukanyagia, au umepinda, au kiungo kimevimba pamoja na homa, nenda zahanati bila kungoja.

Maumivu yakiisha, anza kwa kutembea. Ukiweza kutembea nusu saa bila kuchechemea, na asubuhi yake hakuna uvimbe, ndipo uanze mchakamchaka. Chagua njia ya udongo iliyo sawa, siyo lami wala mteremko. Kimbia taratibu kutoka mti mmoja hadi mti wa pili, tembea hadi wa tatu, kimbia tena. Kesho pumzika. Keshokutwa rudia vilevile. Usiongeze miti na mwendo kwa siku moja. Ongeza miti kwanza, mwendo baadaye sana. Ukianza kuchechemea, simama, rudi nyumbani kwa miguu. Ukiamka na maumivu zaidi ya jana, rudi nyuma hatua moja. Wenzako watakucheka eti unakimbia kama bibi harusi. Waache wacheke.

Ninyi mna silaha ambayo wakimbiaji wengi wa zamani hawakuwa nayo: mnajua kuandika. Kila siku andika mistari miwili, kwa mfano hivi:

Jumatatu. Nimekimbia miti 4. Goti halikuuma.
Jumanne asubuhi. Halikuvimba.

Ukienda zahanati, daftari hilo lichukue. Mganga atasoma mwezi mzima kwa dakika moja.

Haya, wenye maswali wainue mikono. Tuanze na mzee pale nyuma.