Mlango wa Mbele na Mlango wa Nyuma

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Ndanai. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Mwenyekiti ameniomba niwaeleze niliyoyaona Uholanzi mwezi wa Oktoba 2024, nilipokwenda na wenzangu wawili wa kazi ya ustawi wa jamii. Habari za ng'ombe wao wa maziwa nitazileta siku nyingine. Leo nasema juu ya bangi. Tangu nirudi, vijana wa steji ya boda boda wananiuliza jambo moja tu: "Madam, ni kweli huko bangi ni halali, mtu anavuta kama anayekunywa chai?" Nimeona afadhali niwajibu mbele ya wazazi wao.

Mjini Amsterdam kuna maduka yanayoitwa kofishopu. Jina ni la kahawa, na kahawa ipo, lakini watu huenda kununua bangi. Aliyetupeleka ni mwenyeji wetu, mzee mstaafu aliyefanya kazi na vijana wa mitaani kwa miaka mingi. Mimi nilisita. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mfanyakazi wa kanisa." Akanijibu, "Basi njoo uone kwanza, ndipo ukafundishe."

Mlangoni kijana mmoja alituzuia na kutaka pasipoti. Mimi, mama wa watoto watatu, naulizwa kama nimefika miaka kumi na minane! Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliangalia tarehe ya kuzaliwa, ndipo akanipisha.

Nilitazamia pango lenye giza. Nilikuta chumba kama hoteli ndogo za Sotik: meza, viti, kaunta na orodha ya bei. Niliomba chai, nikaletewa kikombe cha maji moto na kifuko cha majani kando, bila maziwa. Kwa mtu wa Ndanai hicho ndicho kilichonishtua kwanza! Harufu ya moshi ilishika kitambaa changu mpaka kesho yake. Watalii watatu walikuwa wakicheka ovyo. Pembeni alikaa mwanamume wa rika langu, peke yake, akitazama ukuta muda wote tuliokuwa pale, kahawa yake ikapoa bila kuguswa. Hakumsumbua mtu. Alikuwa kama hayupo. Huyo simsahau.

Mzee alitueleza kanuni za maduka hayo:

1. Aliye chini ya miaka 18 haingii.
2. Mteja hauziwi zaidi ya gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja au viwili vya majani makavu.
3. Duka lisiwe na zaidi ya gramu 500 ndani, yaani nusu kilo.
4. Pombe haiuzwi humo, wala dawa kali kama heroini na kokeini.
5. Duka lisijitangaze, wala lisisumbue majirani.

Hata shule inahesabiwa. Duka moja lililosifiwa kuwa la zamani kuliko yote mjini, Mellow Yellow, lilifungwa mwanzoni mwa 2017 kwa sababu lilikuwa chini ya mita 250 kutoka chuo cha ususi. Na tangu Mei 2023, kuvuta bangi barabarani katika sehemu ya katikati ya mji wa kale kumepigwa marufuku, maana wakazi walichoshwa na fujo za wageni. Mji wa Maastricht, ulio mpakani, hauwauzii wageni kabisa.

Basi, vijana wa steji, jibu ndilo hili: si halali. Bangi bado imo katika sheria yao ya dawa za kulevya. Ila tangu 1976 walitenganisha dawa kali na bangi, na duka linaloshika kanuni halishtakiwi. Serikali inafumba macho. Sababu yake ni kwamba miaka ile heroini ilikuwa imeingia na kuua vijana wao. Wakaona kwamba kijana anayetafuta bangi anakutana na muuzaji yule yule mwenye heroini, wakaamua kutenganisha mikono hiyo miwili.

Kwetu Kenya hakuna hata huko kufumba macho kwa sheria. Tangu sheria ya 1994, kuwa na bangi, kuilima au kuiuza ni kosa. Mwaka 2022 mgombea wa urais, Profesa George Wajackoyah, aliahidi kwamba bangi italipa madeni ya nchi. Alipata kura 61,969, na bangi ikabaki haramu.

Nilimwuliza mzee, "Je, bangi yenyewe inatoka wapi?" Akasema, "Hapo ndipo aibu yetu ilipo. Mlango wa mbele tumeuwekea kanuni. Mlango wa nyuma hatukutaka kuutazama." Kuuza kulivumiliwa, lakini kulima na kulipelekea duka kulibaki kosa. Kwa miaka mingi kila gramu iliyouzwa kwa utaratibu pale mbele ilikuwa imeingizwa nyuma na wahalifu, na fedha zikarudi kwao. Sisi wa chai tunaelewa: ni kama kuruhusu kiwanda na kumfunga mkulima. Mwishoni mwa 2023 walianza jaribio Breda na Tilburg, kisha miji mingine, ili maduka yanunue kwa wakulima wenye leseni.

Nilirudi na neno hilo la mlango wa nyuma, likanisumbua, kwa sababu ya jambo ambalo nimechelewa kuwaambia.

Katika kikundi kimoja ninachokihudumia, si hapa, kijana wa Fomu Tatu alikamatwa na misokoto miwili. Shule ilimfukuza, akapelekwa kortini. Mama yake aliacha kuja mkutanoni kwa aibu. Nasi tulifanya nini? Mweka hazina alimwandikia faini ya kutohudhuria, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kanuni ile ya faini niliwafundisha mimi. Na mimi nilifika kwake baada ya miezi minne.

Siku hiyo aliniambia bila hasira, "Madam, aliyemwuzia mtoto wangu kila mtu anamjua." Ni kweli. Anauza chang'aa na bangi kwa mkono mmoja, na hamwulizi mtoto miaka yake. Alikuwa amepanga chumba kwa mwanachama mwenzetu. Kodi yake ndiyo iliyokuwa ikilipa mchango wa mzunguko, na mchango huo mwezi mmoja ulimfikia hata mama wa yule kijana, akanunua mbolea.

Mlango wetu wa mbele ni mzuri: tunaomba, tunasoma kumbukumbu, tunahesabu shilingi mbele ya wote. Nyuma hatukuuliza.

Sisemi tuige Wazungu. Bangi inadhuru, hasa ubongo wa kijana unaokua: kumbukumbu, masomo, na kwa wengine akili kuvurugika kabisa. Lakini yule bawabu wa Amsterdam aliniaibisha. Yeye, kwa mshahara tu, alijali umri wa mtu asiyemjua. Sisi tunamjua kila mtoto na baba yake, tukanyamaza.

Kile kikundi kilifuta faini zote. Mwenye chumba alimpa mpangaji notisi, akakaa miezi mitatu bila kodi, na wenzake wakakubali alipe nusu ya mchango. Mama amerudi. Kijana hajarudi shuleni. Anachuma chai kwa kibarua, na Jumapili anakuja kunisalimu. Sijakata tamaa naye.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayewauzia watoto, na nani anafaidika naye?
2. Mwanachama akipatwa na aibu nyumbani, nani atamtembelea kabla ya mkutano unaofuata?
3. Fedha za mchango wetu zinaingia kwa mlango gani?