Chimba Kiazi, Usiishie Kufyeka

Msikilizaji, ukipita mitaa mingi ya Dar es Salaam wiki hizi za vuli utauona mmea mmoja wa kutambaa. Umefunika ukuta, umeuzonga mwarobaini, na pengine umepanda mpaka kwenye waya wa umeme. Jani lake lina umbo la kopa, maua yake ni ya waridi, yameshonana vichala kwa vichala. Wataalamu wa mimea wanauita Antigonon leptopus, na asili yake ni Meksiko. Ulisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wake, na huku kwetu watu wamepeana mbegu na miche, jirani kwa jirani, wapambe mageti yao. Leo naomba tuache kuupanda, na aliye nao auondoe.

Uzuri wake siukatai. Lakini utazame kwa karibu. Ncha ya kichala cha maua inageuka kuwa kikono kinachojisokota, na kikishika kitawi au seng'enge hakiachii. Ukifika juu ya mti unatandaza majani mpaka mti wenyewe unakosa jua. Mpera mchanga hauwezi kustahimili hayo. Kisiwani Guam, kule Pasifiki, na Sint Eustatius katika Karibi, mmea huu ulitoka bustanini ukavamia vichaka na mashamba yaliyoachwa, ukafunika mimea ya asili.

Wengi wetu tunapambana nao kwa panga. Tunafyeka, tunafagia, ukuta unaonekana msafi, tunaridhika. Mvua ikinyesha, machipukizi yanatoka mengi kuliko mwanzo, kwa sababu akiba ya mmea huu iko chini. Una viazi, vikubwa na vidogo, vimefuatana kwenye mizizi, na kila unapofyeka, viazi hivyo ndivyo vinavyoulisha upya.

Kwa hiyo kazi yenyewe iko ardhini, na wakati wake ni huu, udongo ukiwa umelainika. Kata shina lakini bakiza urefu wa mkono, upate pa kulifuatilia. Chimbua kwa sururu kuanzia mbali kidogo, kisha malizia kwa mikono, taratibu, ukiufuata mzizi unakokwenda. Usikipasue kiazi, maana kipande kinachobaki kinaweza kuchipua. Hutavimaliza kwa siku moja. Pale ambapo kiazi kimejipenyeza chini ya msingi wa ukuta na sururu haifiki, ng'oa kila chipukizi likiwa bado fupi, kabla majani hayajakomaa. Ukilifanya hilo bila kuchoka, kiazi kitaishiwa nguvu. Wapo wanaopaka dawa ya magugu ya glaifoseti kwa brashi kwenye kisiki kilichokatwa wakati huohuo. Njia hiyo inasaidia, ila vaa glovu, na usiinyunyize hewani karibu na mchicha wa watoto wako au maua yenye nyuki.

Nyuki, naam. Wafugaji wa nyuki watanilalamikia, na wana haki, kwa sababu maua haya nyuki wanayapenda sana. Ndiyo maana nasema anayeng'oa apande kingine. Tunao mmea wetu wa kutambaa, Thunbergia alata, wenye maua ya rangi ya chungwa na kiini cheusi katikati. Huo ni mwenyeji wa Afrika Mashariki. Huko Hawaii na Australia ulikopelekwa kama pambo, ndio unaowasumbua watu. Kila mmea una kwao.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tunafyeka mmea huu kisha tunautupa mtaroni. Mbegu zake ni za kahawia, zimefungwa ndani ya ua lililokauka, nyepesi, na zinaelea. Mvua inazibeba mpaka bondeni, na ukingoni mwa mto zinapata udongo mzuri kuliko wa bustani yako. Tutakuwa tumeusafirisha kwa mikono yetu wenyewe. Vichala vyenye mbegu na viazi vyote vitiwe kwenye mfuko mzito wa plastiki, ufungwe, uachwe juani mpaka vioze ndani kwa ndani, ndipo upelekwe kwenye gari la taka.

Na ukuta hauzuii mzizi. Mama mmoja akichimba upande wake wakati jirani anamwagilia upande wa pili, atachimba kila mwaka. Wajumbe wa mitaa, mnaposimamia usafi wa mwezi huu, waombeni wanaopakana wachimbe siku moja, huku na huku, masika yasije yakakuta mbegu mpya zimekomaa juu ya mitaro.