Mchezo wa Video Uchaguliwe kwa Kumtazama Mtoto

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto wenye ulemavu wa ukuaji

 

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kucheza sawa na watoto wengine. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 2008. Siku hizi michezo mingi iko kwenye simu ya mzazi au katika kibanda cha PlayStation mtaani. Mtoto mwenye usonji, hali ya Down au mtindio wa ubongo huiona na kuitaka kama ndugu zake. Kazi ya mzazi ni kujua ni mchezo upi utamfaa.

Wengi hukosea mapema, wanapopakua mchezo. Mzazi huona alama ya 3+ au 7+ akadhani inaonyesha ugumu wa mchezo. Sivyo. Alama hiyo hueleza kama mchezo una mapigano, vitisho, matusi au kamari. Mchezo wa soka unaweza kuwa na alama ya 3+ na bado ukamtaka mchezaji atumie vidole vya mikono yote miwili na kuamua upesi. Mtoto akishindwa, huonekana mzito, kumbe mchezo ndio haukumfaa.

Basi mzazi atazame mambo matatu.

La kwanza ni mikono. Mtoto ambaye vidole vyake hukaza au kutetemeka aanze na mchezo wa kugusa mara moja tu, usiomhesabia muda. Mwaka wa 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kidhibiti cha Xbox chenye vibonye viwili vikubwa vinavyoweza kubonyezwa hata kwa kiwiko au mguu. Kifaa hicho ni ghali, lakini nyumbani pia kuna njia: simu iegemezwe mahali isipoteleza, na mtoto akae kwenye kiti kinachomshikilia vizuri.

La pili ni macho na masikio. Kelele ambazo ndugu hazisikii kama usumbufu zinaweza kumtesa mtoto mwenye usonji. Mzazi afungue mipangilio, azime muziki na mtetemo, kisha aone kama mtoto anatulia. Kuhusu mwanga, tahadhari ni kubwa zaidi. Desemba 1997 nchini Japani, kipindi cha katuni ya Pokémon kilichoonyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukimwekamweka kwa kasi kilisababisha watoto zaidi ya 600 kupelekwa hospitalini. Si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga, lakini kifafa huwapata watoto wenye usonji na mtindio wa ubongo mara nyingi kuliko wengine. Mtoto aliyewahi kupata kifafa asipewe mchezo wa aina hiyo kabla ya mzazi kuzungumza na daktari.

La tatu ni namna anavyopokea kushindwa na kuambiwa aache. Mtoto anayelia kila akipoteza apewe mchezo wa kujenga, kupaka rangi au kupanga picha, ambao hauna mshindwa. Anayepata taabu kuacha apewe mchezo wenye raundi fupi zinazoisha, si ule unaoendelea bila kikomo. Kumwambia "raundi mbili, halafu chakula" humsaidia kujiandaa, lakini kumpokonya simu ghafla huanzisha vita.

Pia heshima ya mtoto izingatiwe. Kijana wa miaka 14 anayeelewa mambo kama mtoto wa miaka 5 hapendi kuchekwa na wadogo zake kwa kucheza mchezo wa watoto wachanga. Kama anapenda magari au mpira, atafutiwe mchezo rahisi wa magari au mpira.

Michezo mingi ya bure hupata pesa kwa matangazo na kwa kuuza vitu ndani ya mchezo. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kutofautisha kibonye cha kuendelea na cha kununua. Nambari ya siri ya M-Pesa ifichwe, na ununuzi wa programu ufungwe kwa nywila. Mchezo unaochezwa data ikiwa imezimwa huokoa bando, hupunguza matangazo, na huwazuia wageni kumwandikia mtoto ujumbe. Hatari ya wageni si ndogo. Mwaka wa 2013 Stuart Duncan wa Kanada, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha Autcraft, uwanja wa mchezo wa Minecraft wenye usimamizi, kwa sababu watoto hao walikuwa wakionewa katika viwanja vingine.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na chini ya hapo ni bora. Kwa wakubwa, muda uwe uleule kila siku, na usile usingizi.

Kabla ya kumwachia mtoto mchezo mpya, mzazi aucheze mwenyewe, kisha akae naye dakika 10. Mtoto akitabasamu, akijaribu tena au akimwonyesha mtu alichofanya, mchezo unamfaa. Akiziba masikio, akijing'ata au akitupa simu, uondolewe bila adhabu. Akijifunza kupanga rangi kwenye skrini, apewe maharagwe na mahindi ayatenganishe mezani, ili ujuzi huo umfae nyumbani.

Mzazi asiyejua mtoto wake anaweza nini ampeleke katika kituo cha tathmini ya elimu, EARC, au amuulize mtaalamu anayemfanyisha mazoezi hospitalini. Aende na simu, aonyeshe mchezo wenyewe, apewe ushauri.