MWALIMU NAYE AKAE CHINI AJIFUNZE



Wazee wetu waliyaona kwa macho yao. Tanganyika ya wakoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika. Mwaka 1962 shule hizo ziliunganishwa. Lakini tunauliza: mlango ukifunguliwa, ndiyo ubaguzi umekwisha? La. Huweza kubaki kinywani mwa mwalimu na ndani ya vitabu vyake.

Ndugu zetu weusi wa Marekani wanalijua jambo hili. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile ilikataza shule za serikali kutenga watoto kwa rangi. Hata hivyo, Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State waligoma, na mgomo ukaendelea hadi Machi 1969. Wao walikuwamo chuoni, lakini historia yao haikuwamo katika masomo. Mgomo ule ulizaa kitivo cha kufundisha habari za watu wale waliokuwa wamesahauliwa.

Lakini kitivo kimoja hakitoshi. Mwalimu wa hesabu naye je? Chuo kikuu cha Miami, jimboni Ohio, kilianza mwaka 1979 kuunda vikundi vya walimu wa masomo mbalimbali, watu kama kumi hivi, wanaokutana mwaka mzima kujifunza kufundisha. Njia hiyo ilienea, na vyuo vingi vikaitumia kupiga vita ubaguzi darasani. Kila mwalimu huleta vitabu vyake na alama alizotoa, akaulizwa na wenzake: Nani unampa nafasi ya kusema? Nani wanaanguka daima, na kwa nini? Nyani haoni kundule, ndiyo sababu anahitaji mwenzake.

Leo kazi hii imebanwa. Texas na Florida zilitunga sheria mwaka 2023 kuizuia katika vyuo vya serikali, na mwaka 2025 Ohio yenyewe ikafuata. Watunga sheria wanasema wanalinda uhuru wa mawazo. Sisi tunasema: uhuru gani huo unaoogopa walimu kuulizana?

Ofisi hufungwa kwa kufuli. Dhamiri haifungwi. Walimu mlio miongoni mwetu, msingoje amri. Ketini pamoja, fungueni vitabu vyenu, mkosoane bila chuki. Mtoto anayedharauliwa darasani hawezi kungoja.